Wapagazi wa Kariakoo na Udhuru wa Utamaduni

Yako maneno mawili yanayotembea pamoja siku hizi katika mikutano ya watu wa elimu, na kwa kuwa yanatembea pamoja watu huyadhania kuwa ndugu. Neno la kwanza husema kwamba utamaduni ndio mlezi wa kumbukumbu: mtu hakumbuki kama kioo kionyeshavyo sura, bali hukumbuka kama alivyofundishwa na watu wake kukumbuka. Neno la pili husema kwamba, maadamu utamaduni wetu ni wa mdomo wala si wa kalamu, ni wa ngoma wala si wa jiwe, hatuna haja ya madaftari, wala majina yaliyochorwa ukutani, wala makaburi yenye alama. Sisi twakumbuka kwa namna yetu. Neno la kwanza ni kweli. La pili ni uongo, nao ni uongo wa zamani, wenye baba ajulikanaye. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuyatenganisha maneno haya, na kumwonyesha msomaji, kwa mfano wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam, hasara tuliyoipata kwa kuyaacha yaingie kwa mlango mmoja.

Nianze na ile kweli, maana si haki kumpiga mtu kwa sababu tu amesimama karibu na mwizi. Mwaka 1932 Frederic Bartlett, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alitoa kitabu juu ya kukumbuka, na ndani yake alisimulia habari za mchungaji mmoja wa nchi ya Waswazi. Mchungaji huyu aliulizwa habari za ng'ombe ambao tajiri wake aliwanunua mwaka mzima uliopita. Hakutazama kitabu wala hakuuliza mtu. Akawataja mmoja mmoja, rangi yake, mwenye kumwuza na bei yake, na makosa yake yakawa madogo mno. Maelezo ya Bartlett hayakuwa kwamba Waswazi wameumbwa na bongo kubwa kupita watu wengine. Yalikuwa kwamba kwao ng'ombe ni jambo kubwa la maisha, na kumbukumbu hufuata palipo na moyo. Kabla yake Mfaransa Maurice Halbwachs alikwisha andika, mwaka 1925, kwamba kumbukumbu ya mtu hutegemea jamaa zake, dini yake na watu wa daraja yake, kama mmea unaotambaa utegemeavyo uzio. Halbwachs mwenyewe alikufa mwaka 1945 katika kambi ya Buchenwald, mahali ambapo mtu alinyang'anywa jina akapewa namba. Namwomba msomaji aishike habari hiyo ya namba, kwani tutarudi kwake.

Atakaye ushahidi wa karibu zaidi na aende Kariakoo. Mwuza kanga wa Mtaa wa Kongo hawezi kukutajia mawaziri wote wa Serikali, wala simlaumu. Lakini atakuambia bila kusita ni mteja gani aliyechukua doti ishirini kwa mali kauli kabla ya Ramadhani, kabakiza shilingi ngapi, na kanga zile zilikuwa na jina gani. Biashara yake ndiyo ng'ombe wake. Ndivyo ilivyo kwa sisi sote.

Basi na tuichukue vita moja tuitazame ilivyokumbukwa na watu mbalimbali. Vita Kuu ya Kwanza ilifika katika nchi hii mwezi wa Agosti 1914 ikaisha Novemba 1918. Waliopigana walikuwa Wajerumani kwa upande mmoja, na Waingereza, Wabelgiji na Wareno kwa upande wa pili. Walioumia walikuwa wenyeji pande zote. Ugogo inakumbukwa kwa njaa. Majeshi yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na wanaume wa kulima. Mvua ilipokosekana, nchi ikawa haina akiba. Wagogo wakaiita njaa ile mtunya, yaani kunyang'anyana. Mwanahistoria Gregory Maddox ameandika kwamba kati ya mwaka 1917 na 1920 watu kama 30,000 walikufa katika nchi yenye watu 150,000. Katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mpagazi aliitwa tengatenga, na jina hilo likasimama badala ya mateso yote ya vita. Waingereza walijenga sanamu ya shaba. Na watu wa Dar es Salaam? Wao walibakiza jina la soko.

Habari za jina hilo zinajulikana, ijapokuwa wengi wanaolitamka kutwa mara mia hawazijui. Wajerumani walipoupanga mji walikusudia uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja uwe mpaka kati ya makao ya Wazungu na Wahindi upande mmoja na makao ya Waafrika upande wa pili. Huku kwa Waafrika wakajenga jengo la soko kabla ya vita. Vita ikaja kabla soko halijapata kuwa soko. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliutwaa mji, na jengo lile na viwanja vyake vikawa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa lugha yao. Jina hili la kigeni likatafunwa katika vinywa vya watu, likatoka Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa uliozaliwa kwa neno lilo hilo, nao huitwa Kariokor. Soko la leo, lile lenye mapaa ya zege mfano wa miavuli iliyopinduliwa ipate kukinga mvua, lilichorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Moto ulilishika tarehe 10 Julai 2021, na mji mzima ulilia kama uliofiwa. Nami nililia pamoja nao. Lakini sikumsikia mtu hata mmoja siku zile, katika redio wala barazani, akisema kwamba mahali palipoungua ni mahali ambapo zamani walilala watu waliokuwa wakienda kufa.

Walikuwa nani watu hawa? Vita ile haikuwa na barabara. Mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe, na magari yalizama katika matope ya Rufiji. Kwa hiyo kila sanduku la risasi, kila gunia la unga, kila machela ya majeruhi na kila kitanda cha ofisa kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Inakadiriwa kwamba Waingereza peke yao walitumia watu wanaokaribia 1,000,000 kwa kazi hii, na kwamba waliokufa wanakaribia 100,000. Jeshi la Wajerumani lilikuwa na wapagazi wake pia, na hesabu yao ni mbovu zaidi. Walioanguka kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea: mtu wa wali au ndizi kapewa unga wa mahindi usiosagwa vema, hana sufuria ya kutosha wala nafasi ya kuupika ukaiva. Wala wasidhaniwe kuwa walikwenda kwa hiari. Katika Kenya sheria ya mwaka 1915 ilitoa ruhusa ya kuwachukua kwa nguvu. Na katika nchi iliyotekwa hapakuhitajiwa hata sheria, ilitosha kamba na askari.

Sasa twende kwenye sanamu. Katika makutano ya barabara ambayo leo ni ya Samora, zamani ikiitwa Acacia, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann. Waingereza walimshusha, akapelekwa Hamburg, akasimamishwa mbele ya chuo kikuu, hata wanafunzi wakamwangusha huko mwaka 1968. Mahali pake hapa Dar es Salaam, mwaka 1927, pakawekwa askari wa shaba mwenye bunduki na singe, ambaye angali pale mpaka leo akitazama upande wa bandari. Ni kazi nzuri ya mikono. Sina ugomvi na fundi wake. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja wapagazi pamoja na askari, na yanamwahidi mtu afaye vitani kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini msomaji na asimame pale siku moja, aache daladala limpite, ayazunguke mawe yale pande zote nne. Kuna ahadi ya jina, jina hakuna. Halikuandikwa hata moja.

Nani alikata shauri kuwa iwe hivyo, na kwa hoja gani? Hapa ndipo tunapomkuta baba wa ule uongo.

Mwaka 1917 Waingereza waliunda Tume ya makaburi ya vita, na sheria yake kuu ilikuwa ya kupendeza: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya jiwe la kaburi au juu ya ukuta, bila kutazama cheo, kabila wala dini, mtoto wa lodi na mtoto wa mchimba makaa walingane. Ulaya iliyajaza mashamba mawe meupe kwa sheria hiyo. Ilipofika zamu ya Afrika Mashariki, maofisa waliandikiana barua. Ndani ya barua hizo walisema kwamba wenyeji wa huku hawajafikia daraja ya ustaarabu ya kufahamu maana ya jiwe la kaburi. Kwamba hawana desturi hiyo. Kwamba ukumbusho mmoja wa jumla utawafaa zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 Gavana wa Tanganyika, Sir Horace Byatt, alitoa maoni yake kwa mjumbe wa Tume: makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya penginepo, yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo. Na idadi ya Waafrika waliopotea kwa kazi ile ya uchukuzi hakupenda hata kuifikiri.

Tume yenyewe imeyakiri mambo haya. Mwezi wa Aprili 2021 ilitoa taarifa ya uchunguzi na kuomba radhi, ikisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Imechukua miaka mia moja kuyasema. Nawapa haki yao ya kusema, na kuyasema hadharani. Lakini naomba tuitazame hoja yenyewe, kwa sababu hoja hiyo haikufa pamoja na wenyewe. Hawakusema, «Hatutaki kutoa fedha.» Walisema, «Utamaduni wao si wa namna hiyo.» Utamaduni ukafanywa kanzu ya kufunikia ubahili na dharau.

Na ilikuwa kanzu yenye matobo. Kama maofisa wale wangepanda farasi asubuhi moja wakaenda Kunduchi, maili chache kaskazini ya mji waliokuwa wakiutawala, wangeyakuta makaburi ya mawe yenye nguzo ndefu, yaliyopambwa kwa sahani za China, yaliyojengwa zamani kabla nchi haijamwona Mjerumani wala Mwingereza. Wangekwenda mbele kidogo mpaka Kaole wangeyakuta mengine ya zamani zaidi. Watu wasiofahamu maana ya jiwe la kaburi wasingesafirishia wafu wao sahani kutoka China. Tena kalamu haikuwa mgeni pwani hii. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitunga habari ya vita vya Wadachi kwa utenzi, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akaitunga habari ya Maji Maji. Na wote wawili waliandika. Lililowapasa maofisa kujua halikuwa siri. Lilikuwa nje ya mlango wao.

Bali tuwaache walioandika, tuwatazame walio wengi. Hapana desturi ya maziko katika nchi hii, niijuayo mimi, isiyotaka jina. Katika hitima, kabla dua haijasomwa, watu wa nyumba humpelekea shehe kipande cha karatasi chenye majina ya marehemu wao, fulani bin fulani, fulani binti fulani, naye huyasoma mpaka la mwisho. Katika misa ya wafu padre hupewa majina yaliyoandikwa, akayataja mbele ya waumini. Katika tambiko mzee wa ukoo huyaita majina ya waliotangulia kwa mfululizo, na akiliruka moja huambiwa arudi. Mjukuu hupewa jina la babu lisije likalala chini. Basi huo utamaduni unaokumbuka bila majina uko wapi? Nimeutafuta katika mji huu wenye makabila yote, sikuuona. Niliukuta katika barua za maofisa tu, na sasa katika makala za wenzetu.

Lipo na jambo jingine, nalo ni lile la namba. Wapagazi wa Waingereza waliandikishwa. Walipewa namba, wakahesabiwa posho, na mishahara yao ikaingizwa vitabuni. Jeshi halikuweza kuwaongoza watu wengi kiasi kile kwa kukisia. Vita ilipokwisha ikabaki mishahara ya maelfu ya marehemu ambayo haikuwafikia warithi, na maofisa wa Serikali wakabishana kwa miaka juu yake. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba daftari lilikuwa kitu kigeni kwa watu wa namna ile. Daftari lilikuwapo wakati wa kutoa mzigo. Lilikosekana wakati wa kutoa jiwe.

Nitasema jambo la nyumbani kwangu, si kwa sababu ni kubwa kuliko ya wengine, bali kwa sababu ndilo nilijualo vema. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa Uzaramo, upande wa Kisarawe. Baba yake alichukuliwa yeye angali mtoto mdogo, mwaka ambao yeye aliuita mwaka wa wapagazi. Hakurudi. Wala haikuja barua, wala tarishi, wala mtu aliyesema, «Nilimwona akianguka mahali fulani.» Kila mwaka, ulipokaribia mwezi wa Ramadhani, bibi alisomesha hitima nyumbani kwake Kariakoo, na mimi niliyekuwa nasoma shule ndiye niliyeandika karatasi ya majina. Aliniambia majina yote ya wazee wake, nami nikayaandika kwa mwandiko mzuri ili nisifiwe. Mwaka mmoja nikamwuliza, «Bibi, na baba yako je? Hukunitajia.» Akanyamaza kitambo, kisha akasema, «Mjukuu wangu, nani kakuambia kama amekufa?»

Alikuwa na zaidi ya miaka 60 wakati huo. Baba yake, kama angekuwa hai, angekuwa mzee wa miaka karibu mia. Bibi alilijua hilo, alikuwa mwanamke mwenye akili nyingi. Lakini sheria na desturi zilizomlea zinataka habari kwanza: pasipo tanzia hapana matanga, pasipo matanga hapana eda, pasipo eda hapana urithi, na jina la mtu aliyepotea haliingii katika karatasi ya marehemu. Mama yake aliishi akiwa si mke wala si mjane. Kila kitu cha kukumbukia kilikuwapo katika nyumba ile: msomaji, ubani, kahawa, watoto wa kuandika. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa wino katika kitabu cha kambi, ambao mtu alikuwa nao na hakuuleta. Bibi alifariki, na jina la baba yake likabaki nje ya karatasi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo ninayotaka kuwajibu nayo wenzetu. Kuna namna ya kusema siku hizi, hasa miongoni mwa sisi tuliosoma, inayojivunia umaskini kana kwamba ni pambo. Husema: Mwafrika hahitaji sanamu, Mwafrika hahitaji nyaraka, kumbukumbu yake imo katika ngoma, katika methali na katika majina ya mitaa, tazama, Kariakoo yenyewe ni ukumbusho, watu wameshinda, wamelipora jina la mkoloni wakalifanya lao. Maneno haya ni matamu, na mimi mwenyewe katika ujana wangu nimeyasema jukwaani nikapigiwa makofi. Lakini yasome tena polepole, kisha yaweke kando ya hoja ya wale maofisa. Ni hoja moja. Wao walisema kwa dharau kwamba watu hawa hawahitaji majina juu ya jiwe. Sisi twasema yayo hayo kwa majivuno. Yule mpagazi aliyeko chini ya ardhi hajui tofauti.

Tena si kweli kwamba jina la mtaa limewakumbuka. Muda si mrefu uliopita niliwauliza vijana kumi na wawili, wote wenye meza zao za biashara kati ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Swahili, kama wanajua neno Kariakoo lilitoka wapi. Mmoja alisema ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka. Mwingine alisema ni Kizaramo. Wawili walisema lina uhusiano na Waingereza, na mmoja wa hao wawili alisema, kwa adabu, «Shikamoo mzee, kama hununui tunaomba upishe wateja.» Siwacheki. Jina ni ganda la nazi; litakaa miaka na miaka, lakini kama hakuna anayelijaza litabaki ganda. Mtaa haujui kusimulia. Mtu ndiye asimuliaye, naye husimulia lile aliloambiwa lina thamani.

Na sisi tumemwambia nini? Kwa miaka mingi mji huu umeiadhimisha Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, pale Mnazi Mmoja penye mnara. Huwekwa mkuki na ngao, huwekwa upinde na mshale, huwekwa shada la maua. Wazee hupita kwa heshima, na mizinga hulia. Ni sherehe nzuri. Lakini vitu vyote vinavyowekwa ni silaha. Sijaona hata mwaka mmoja mtu akiweka kata, lile gurudumu la nguo au majani ambalo mpagazi huliweka kichwani chini ya mzigo, hali katika vita kubwa iliyopita katika nchi hii wenye kata walikuwa wengi mno kuliko wenye bunduki, nao ndio waliokufa kwa wingi zaidi. Kambi yao ilikuwa ng'ambo ya uwanja ule ule. Kutoka kwenye mnara mpaka sokoni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hapo Mwingereza hayupo, na Gavana hayupo. Tuliochagua mwenye silaha tukamwacha mwenye mzigo ni sisi.

Atanijibu mtu kwamba kazi ya kutafuta majina haiwezekani tena, muda umepita. Jibu hilo lilikuwa na nguvu zamani kuliko sasa. Mwezi wa Januari 2025, mjini Cape Town, ulifunguliwa ukumbusho wa Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa katika vikosi vya kazi wakati wa vita ile, wengi wao kwa uchukuzi na kazi nyingine hapa Afrika Mashariki. Majina yao hayakuwa yameandikwa mahali po pote pa heshima kwa muda wa miaka zaidi ya mia. Yalitafutwa katika nyaraka, yakapatikana 1,772, na kila jina likawekewa nguzo yake ya mti wa mvule. Watu wale walikuja kufa huku kwetu. Wao wamepata majina yao. Wenyeji waliokuwa wakibeba mizigo kando yao hawajapata.

Sidai sanamu nyingine ya shaba. Tukianza na sanamu tutaishia katika kamati, na kamati itaishia katika chai. Nadai majina, kwa sababu ndicho kitu ambacho desturi zetu zote hukidai kabla ya kingine. Vitabu vya jeshi la Waingereza vilivyosalia huko London, Nairobi na hapa kwetu katika Nyaraka za Taifa visomwe kwa ajili ya jambo hili, na wasomaji wawe wanafunzi wetu wenyewe wajuao kwamba Mzaramo mmoja aweza kuandikwa kwa namna nne na karani asiyejua lugha. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya misioni vitazamwe. Wazee waliosikia kwa wazee wao waulizwe kabla mwaka haujaisha, maana wanapungua kila msimu wa mvua. Na chuo kikuu kinachotoa shahada katika historia ya nchi hii kisione haya kuwatuma vijana wake Kisarawe na Rufiji, Ugogo na Unyamwezi, na daftari mkononi.

Wale watakaosema kwamba daftari si utamaduni wetu nitawapeleka katika nyumba yo yote ya mjini siku ya hitima, wakaitazame ile karatasi iliyo mkononi mwa shehe.

Mimi nimekwisha andika langu. Jina la baba wa bibi yangu, jina la baba yake, kijiji chake na mwaka aliochukuliwa vimo katika karatasi niliyoiweka kwa mtunza nyaraka wa idara yetu. Ya pili kuletwa ilikuwa ya mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Mpwapwa. Ina majina matatu ya ndugu wa tumbo moja, na chini yake ameandika kwamba hawa watatu walitoka nyumbani siku moja. Msomaji aliye na jina katika ukoo wake, hata kama ni nusu ya jina, na aliandike, alete. Chumba ni kidogo, na mlango wake hufunguliwa saa mbili asubuhi.